Bolti za Land Rover ya Zamani: Zijue Kabla Hujaenda Dukani

Anayefufua Land Rover ya zamani huanza kwa kuwaza injini, rangi na bodi. Bolti humjia akilini mwishoni, wakati gari limekwisha kufunguliwa lote na ndoo imejaa vyuma vyenye kutu ambavyo hakuna anayekumbuka vilitoka wapi. Hapo kijana wa gereji hutumwa dukani akalete "bolti za namba kumi na tatu." Anarudi na mfuko wa bolti mpya zinazong'aa, zinaingia mizunguko miwili, zinakwama, zinaongezewa nguvu ya spana ndefu, na tundu lililodumu miaka sitini linaharibiwa kwa dakika moja. Uharibifu huu unafanywa kila siku kwenye magari yaliyostahili kutunzwa, na karibu wote ungezuilika kama mwenye gari angejua kitu kimoja kabla ya kutoa pesa: bolti iliyomo ndani ya gari lake ni ya aina gani.

Nazungumzia Land Rover za Series, zile zilizotoka kabla ya Defender, kwa sababu ndizo gari za zamani tulizo nazo kwa wingi Afrika Mashariki. Zilikuja na misheni, polisi, hifadhi za wanyama, mashamba ya mkonge na idara za serikali. Oktoba 2024 Arusha ilipokea mamia ya Land Rover kwenye tamasha la magari hayo, na nyingi zilifika kwa magurudumu yake zenyewe. Nchini Kenya, kiwanda cha Leyland kule Thika, ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliziunganisha miaka ya 1970. Kwa hiyo gari lipo, na fundi anayeijua injini yake yupo pia. Kinachokosekana ni mtu wa kueleza kwa nini bolti zake hazilingani na za Toyota, wala wakati mwingine zenyewe kwa zenyewe.

Sababu yake ni ya kihistoria. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza kipimo kimoja cha thredi kwa viwanda vyote, chenye pembe ya nyuzi 55. Hicho ndicho BSW, thredi pana. Mwaka 1908 ikaongezwa BSF, thredi nyembamba yenye pembe ileile, ambayo haifunguki upesi kwa mtikisiko. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, ikiwa imefungwa kwa bolti za mfumo huo. Novemba mwaka huohuo Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia thredi za pamoja zenye pembe ya nyuzi 60: UNF nyembamba na UNC pana. Gari lilizaliwa na mfumo uliokuwa unaanza kuachwa.

Kiwanda hakikubadilisha kila kitu kwa siku moja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Series I, iliyotengenezwa hadi 1958, kwa jumla ni ya BSF, na BSW kwenye matundu ya aluminiamu. Series II ya 1958 na IIA ya 1961 ni za mpito: bodi na chasisi zilielekea UNF, wakati sehemu zilizobuniwa mapema, hasa giaboksi na ekseli, ziliendelea kubeba BSF kwa miaka mingi. Series III ya 1971 ni ya UNF kwa sehemu kubwa, ina mabaki ya zamani, na kuelekea mwisho wake mwaka 1985 vipimo vya milimita vikawa vimeingia. Ukifungua gari la mwaka 1965 usishangae kukuta koo tatu za thredi chini ya boneti moja. Wala usidhani fundi wa zamani alichanganya. Huenda ndivyo lilivyotoka kiwandani Solihull.

Chukua bolti moja, ile ya inchi 5/16, kwa sababu ndiyo iliyosambaa zaidi na ndiyo inayoharibiwa zaidi. Isugue kwa brashi ya waya hadi thredi zionekane wazi. Pima unene wake kwa vernia: utapata karibu milimita 7.9. Bolti ya M8 inayouzwa kila duka la Kariakoo hupimwa karibu milimita 8. Kwa macho na kwa kidole hutaona tofauti, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Sasa hesabu thredi ndani ya inchi moja. Zikiwa 22, hiyo ni BSF. Zikiwa 24, ni UNF. Zikiwa 18, ni BSW au UNC. M8 ya kawaida ina thredi 20 na kidogo. Basi M8 ukiisukuma kwenye tundu la BSF itashika mizunguko miwili ya kwanza, kisha kila thredi itaanza kupanda juu ya mwenzake. Chuma ni kigumu kuliko aluminiamu, kwa hiyo bolti itaendelea kuingia huku ikichonga njia yake, na wewe utaamini kwamba umekaza. Ulichofanya ni kuondoa thredi za awali na kuacha vumbi la aluminiamu.

Kuhesabu kwa rula kunatosha ukiwa na macho mazuri na bolti ndefu. Njia bora ni kaliba ya thredi, kile kifaa chenye majani mengi ya chuma yenye meno kama ya msumeno. Nunua mbili: moja ya nyuzi 55 na moja ya nyuzi 60. Weka jani kwenye bolti, inua juu kuelekea dirishani au taa, uangalie kama mwanga unapita. Jani sahihi linakaa bila mwanya. Hili la pembe lina maana sana kwa BSW na UNC, kwa sababu zote mbili za 5/16 zina thredi 18, nati ya moja huingia kwenye nyingine bila kelele, na mtu huona kazi imekwisha. Lakini zinagusana pembeni tu, si uso kwa uso, na chini ya mzigo hazishiki sawasawa. Kwa nusu inchi kidogo tumesaidiwa: BSW ina thredi 12 na UNC 13, kwa hiyo zinakataana mapema.

Kwa bolti za inchi 3/8 fanya vivyo hivyo: BSF ina 20, UNF ina 24. Kwa robo inchi, BSF ina 26 na UNF 28, tofauti ndogo inayohitaji kaliba kweli, si kukadiria.

Bolti ndogo za umeme na dashibodi zina ukoo wao peke yao unaoitwa BA. Ile ya 2BA ina unene wa milimita 4.7 na umbali wa milimita 0.81 kati ya thredi na thredi. M5 ina milimita 0.8. Zinafanana kiasi kwamba M5 huanza kuingia kwenye nati ya 2BA kabla ya kukataa. Kwenye vituo vya nyaya kukataa huko hugeuka kuwa waya usioshika vizuri, na waya usioshika hupata moto. Skrubu za 2BA zitenge kwenye kopo lake tangu siku ya kwanza.

Spana nazo zinahitaji maelezo, maana vichwa vingi vya bolti za asili vimeharibiwa na spana za Toyota. Spana ya zamani iliyoandikwa 5/16 BSF mdomo wake una milimita 13.3, kwa kuwa namba ile hutaja unene wa bolti wala haitaji upana wa kichwa. Spana ya 13 haiingii, ya 14 inacheza na kula kona. Kichwa cha 3/8 BSF kina milimita 15.2, na cha robo inchi BSF kina 11.3. Bolti za UNF zinapimwa kwa upana wa kichwa: robo inchi hutumia spana ya 7/16, 5/16 hutumia ya 1/2, na 3/8 hutumia ya 9/16. Ukinunua seti moja ya spana za Whitworth na BSF na seti nyingine za inchi, hata kama ni kuukuu kutoka kwa fundi mstaafu wa reli au wa shamba la mkonge, utaokoa bolti nyingi kuliko utakazowahi kununua. Na utapata faida ya ziada: spana inayokaa bila kucheza ni ushahidi wa kwanza kuhusu ukoo wa bolti, kabla hata hujaifungua.

Kichwa chenyewe kina maandishi, usikisugue hadi yakafutika. Bolti za UNF na UNC za Uingereza mara nyingi zina vidoti vitatu vya duara vilivyogusana kwenye mstari, au shimo la duara juu ya kichwa. Alama hizo huwekwa ili fundi asizichanganye na BSF. Herufi R, S au T zinataja nguvu ya chuma, na T ina nguvu kuliko S, na S kuliko R. Utakuta pia majina ya watengenezaji, kama GKN. Mistari mitatu inayotoka katikati ni daraja la 5 la Marekani, sita ni daraja la 8. Ukikuta 8.8 au 10.9, hiyo ni ya milimita, na kwenye Series I au II ina maana mtu alishapita hapo kabla yako. Kagua tundu lake kwa makini.

Kwa anayetaka gari lirudi lilivyotoka kiwandani, maandishi haya ndiyo uhalisi wenyewe. Kwenye Africa Concours d'Elegance, mashindano yanayofanyika Nairobi tangu 1970, gari hukaguliwa kwa undani, na kichwa cha bolti chenye 8.8 kwenye gari la 1955 hujitangaza chenyewe. Lakini hata usipokusudia mashindano, hifadhi maandishi. Bolti zilizobeba jina la mtengenezaji wa wakati ule hazitatengenezwa tena kwa wingi.

Ukishaijua bolti, tafuta kitabu cha spea cha modeli yako, kile kilichochapishwa na kampuni ya Rover, ambacho nakala zake za kuchapishwa upya zinapatikana. Hicho ni muhimu kuliko kitabu cha ufundi kwa kazi hii, kwa sababu kinaorodhesha kila bolti, nati na washa kwa mahali pake. Namba za zamani za Rover hazikuambii kitu zenyewe, unategemea maelezo ya pembeni. Namba zilizokuja baadaye zinasomeka. Tazama SH605071. SH ni bolti yenye thredi hadi karibu na kichwa. Tarakimu 6 ni UNF. Ingekuwa 5 ni UNC, na 1 ni milimita. Halafu 05 ni unene, sehemu tano za kumi na sita za inchi. Halafu 07 ni urefu, sehemu saba za nane. Ikianza na BH, ni bolti yenye shingo laini isiyo na thredi. SH108201 basi ni M8 ya urefu wa milimita 20. Ukijua kusoma hivi, muuzaji wa mbali hawezi kukupa kitu kisichofaa bila wewe kugundua kwenye karatasi.

Ile shingo laini usiipuuze. Popote bolti yenye nati inapobeba mzigo wa kukata, shingo inatakiwa ipite kwenye vyuma vyote inavyoviunganisha, thredi zianze nje. Ukiweka bolti ya thredi tupu kwa sababu urefu umelingana, thredi zitasaga tundu nalo litapanuka, na siku moja utasikia mlio usiojua chanzo chake. Pima urefu wa shingo na urefu wa thredi kila kimoja peke yake, uandike vyote viwili.

Mapema nimetaja ndoo, na ushauri wangu kuhusu ndoo ni mfupi: usiwe nayo. Chukua mifuko midogo ya plastiki yenye zipu, kalamu isiyofutika, na vipande vya maboksi magumu. Kwa sehemu kama kifuniko cha giaboksi, chora umbo lake kwenye boksi, toboa matundu mahali pake, uchomeke kila bolti kwenye tundu lake. Urefu wa bolti hubadilika kutoka kona moja hadi nyingine, na ile ndefu ikiingia mahali pa fupi inaweza kupasua kasha la aluminiamu kwa ndani. Piga picha kabla ya kufungua: kichwa kilitazama mbele au nyuma, washa zilikuwa ngapi, kulikuwa na springi washa au washa ya kukunjwa, waya wa ardhi ulikaa chini ya nati gani. Mahali palipofungwa kwa riveti andika riveti. Mafundi wa barabarani wamebadilisha riveti nyingi za bodi kwa bolti na nati, na mwenye gari wa leo akazitafuta bolti za asili za mahali ambapo hapakuwahi kuwa na bolti.

Kufungua bila kuharibu kunataka subira, na wenye haraka ndio wanaoishia kutafuta bolti adimu. Sugua thredi zinazojitokeza nje kwanza, ili nati isiburute kutu. Mimina mafuta ya kupenyeza jioni, rudia asubuhi, rudia tena kesho yake. Mchanganyiko wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, unafanya kazi vizuri, ila unashika moto upesi, usitumie siku utakayotumia gesi. Gonga kichwa kwa nyundo, kaza kidogo kuelekea mbele hadi usikie kutu imekatika, kisha ndipo ulegeze, ukirudi mbele na nyuma. Ukilazimika kutumia moto, pasha nati, usipashe bolti. Na kwenye Land Rover fupi tangi la mafuta liko chini ya kiti cha mbele cha kulia: litoe nje ya gari kabla hujawasha chochote. Bodi nayo ni Birmabright, aluminiamu yenye magneziamu, haipendi moto hata kidogo.

Bolti zilizotoka salama zitakushangaza kwa wingi wake. Nyingi zinazoonekana zimekwisha zina kutu ya juu juu tu. Kwa zile za bodi na mabawa, siki ya kawaida usiku mmoja, brashi, kisha maji yenye bikaboneti ya kuokea ili kuua asidi, na ukaushe palepale. Halafu zipeleke zichovywe zinki. Bolti nyingi za Uingereza za enzi hizo zilichovywa kadimiamu, yenye rangi ya fedha iliyofifia, na zinki iliyofifishwa kidogo inakaribia sana mwonekano huo. Kadimiamu yenyewe ni sumu. Bolti ya zamani usiipige grainda ukavuta vumbi lake, wala usiichome moto kwenye chumba kisicho na hewa.

Bolti zenye nguvu kubwa zinataka tahadhari nyingine. Asidi na uchovyaji wa umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na chuma hicho huweza kukatika ghafla siku nyingi baadaye, bila kupinda kwanza. Wachovyaji wanaojua kazi huzioka bolti hizo kwa saa kadhaa kwenye joto la karibu nyuzi 200 mara baada ya kuzichovya. Muulize mchovyaji wako kama anafanya hivyo. Akishangaa swali lako, mpe bolti za bodi tu.

Wapo watakaokushauri utumie stenlesi kila mahali, hasa ukiishi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam ambako hewa ya chumvi haina huruma. Mimi sikubaliani nao. Stenlesi ya kawaida inayoandikwa A2-70 ina nguvu ndogo kuliko 8.8, kwa hiyo haina ruhusa ya kukaa kwenye usukani, breki wala springi. Thredi zake hupenda kung'ang'aniana zikikazwa kavu. Na ikikaa kwenye bodi ya aluminiamu penye unyevu wa chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, tundu linabaki na unga mweupe. Zinki, washa safi na grisi kidogo chini ya kichwa vinalinda bodi ya pwani vizuri zaidi, na gari linabaki na sura yake.

Baada ya yote hayo kuna zitakazopungua, na sasa ndipo safari ya kutafuta ianze. Anza na Land Rover nyingine iliyokufa. Gari bovu la modeli ileile lililolala nyuma ya gereji au kwenye shamba la mtu lina seti nzima ya bolti, na wenye gari hilo kwa kawaida wanahesabu thamani ya injini na difu tu. Ukinunua gari bovu kwa ajili ya milango yake, usiondoke bila kufungua kila nati inayofunguka.

Pili, nenda kwa wauza spea wa zamani. Gerezani Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga Nairobi, Kisekka Kampala, gereji za Unga Limited Arusha: kote huko kuna watu ambao baba zao waliuza spea za magari ya Kiingereza. Usiombe "bolti ya Land Rover." Nenda na sampuli mkononi na nati nzuri unayojua ni ya BSF na nyingine ya UNF. Duka lenye makopo yasiyo na lebo utalikagua kwa nati hizo mbili: inayotembea kwa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho wa bolti ndiyo yake. Mheshimu mzee mwenye duka, mwamkie, mweleze unafufua nini. Wazee hawa wana vitu ambavyo havipo rafu ya mbele, navyo hutolewa kwa mtu anayeonyesha kwamba anajua anachokitafuta.

Tatu, angalia matrekta. Massey Ferguson za zamani, kama 35 na 135, zilijengwa kwa UNF na UNC, nazo ziko kila mkoa wenye kilimo. Malori ya Bedford na ya Leyland pia. Nguvu ya bolti zake mara nyingi ni nzuri. Peugeot 404 na Volkswagen za kobe ziache, hizo ni za milimita tangu mwanzo.

Mwisho kabisa agiza Uingereza, ambako wapo wauzaji wanaoshughulika na BSF, BSW na BA peke yake. Agiza kwa orodha kamili, mara moja, kwa kuwa usafiri ndio unaokula pesa. Andika ukoo wa thredi, unene, urefu chini ya kichwa, urefu wa shingo, daraja la nguvu na rangi ya uchovyaji. Ongeza kidogo juu ya idadi unayohitaji kwa bolti za aina inayopotea upesi, yaani 5/16 na robo inchi. Na bolti iliyo ndefu kidogo inaweza kukatwa na kusawazishwa kwa tupa, ila uzungushe nati juu yake kabla ya kukata, ili ukiitoa isafishe mwanzo wa thredi.

Kuna mahali ambapo uhalisi ninauweka kando bila kusita. Bolti za konrodi, za breki, za usukani na yubolti za springi hazirudishwi kwa sababu tu ni za asili. Ukiona bolti imekonda shingoni, pima kwa vernia sehemu mbili, na ikiwa imevutika itupe. Splitipini, washa za kukunjwa na nati zenye plastiki ndani hutumika mara moja tu. Weka mpya za ukoo uleule na daraja lilelile au la juu, kutoka kwa muuzaji anayeaminika. Bolti feki zenye 8.8 kichwani zipo sokoni, na kwenye usukani utakuwa umempa muuzaji huyo maisha ya watu. Kama unataka kuhifadhi ya asili yenye jina la GKN, iweke kwenye mfuko wenye lebo pamoja na kumbukumbu za gari.

Kuhusu matundu yaliyokwisha kuharibiwa na M8 ya mtu aliyekutangulia, usikubali suluhisho la kutoboa kubwa zaidi na kuweka M10. Kwa aluminiamu ya giaboksi dawa ni Helicoil, koili ya waya wa stenlesi inayoingizwa kwenye tundu lililotobolewa na kukatwa upya kwa tapu yake maalumu. Zinapatikana za BSF na UNF, na ikiwekwa vizuri tundu huwa imara kuliko lilivyokuwa, nayo bolti ya asili inarudi mahali pake. Kwa tundu lililochafuka tu bila kuharibika, tumia tapu ya ukoo sahihi kwa mkono, taratibu, yenye mafuta. Na ujihadhari na tapu ya UNF kwenye tundu la BSF: thredi 24 juu ya 22 hazisafishi, zinachinja.

Wakati wa kufunga, kila bolti iingie kwa vidole hadi karibu mwisho kabla spana haijaguswa. Inayokataa kwa vidole ina neno la kusema, itoe uisome upya. Kaza kwa spana ya toki kwa vipimo vya kitabu, ukikumbuka kwamba bolti yenye mafuta huvutika zaidi kwa toki ileile kuliko kavu. Weka alama ya rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha jirani kila unapomaliza kukaza, upande usioonekana ukitaka gari libaki safi. Ukishatembea kilomita mia chache za kwanza, hasa za barabara ya vumbi, ingia chini na tochi. Anza na yubolti na shakoli, kisha propela shafti, kisha mikono ya usukani. Alama iliyoachana ina maana nati imesogea. Usiikaze tu ukaondoka: ifungue, iangalie thredi na washa, uhesabu tena kama ukoo ni wenyewe, ndipo uirudishe.